Msimtundike Hilda Darini

Sogeeni, wanangu. Corinne, niinulie huu mto kidogo, hapo, basi. Na wewe Dwight, izime hiyo simu uiweke kifudifudi juu ya kabati, maana leo sisemi jambo mara mbili, na pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kugawana na kengele za wateja wako. Britta, mjukuu wangu, kaa hapa miguuni pangu ninapokuona vizuri. Lowell, wewe nimekuita kwa makusudi, kwa hiyo usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Vuta kiti. Umekaa ng'ambo ya ziwa ukinisema tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, leo utakaa upande huu unisikie mimi nikikusema.

Mimi Arlys Tollefsrud, mjane wa Einar, akili zangu zote ninazo, na atakayesema nilikuwa nimechanganyikiwa kwa dawa amuulize nesi, ambaye asubuhi hii nimembishia kuhusu kila kidonge. Kwamba naondoka, hilo kila mtu humu ndani analijua, na barafu ya mwaka huu itafunga ziwa bila mimi kuiona. Silii. Mchungaji alikuja jana, tukasali, tukala keki, akaenda zake. Mambo ya nyumba hii na kile kipande cha msitu nyuma ya barabara wakili ameyamaliza: nyumba ni ya Corinne aliyeniosha na kunilisha miezi yote hii, na msitu ni wenu nyote wawili, mkatane kuni humo msikatane maneno. Hayo si ya kuwaitia watu.

Nililowaitia ni Hilda. Nataka nimkabidhi Hilda kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya macho yenu yote, kwa sababu nikifa bila kusema najua kitakachotokea, mmeshanionyesha. Wewe Corinne, kwa nia njema kabisa, ulimleta yule rafiki yako mwenye hoteli ya chakula cha jioni kule barabara kuu, akazunguka banda langu la boti mikono mfukoni, akasema boti nzuri ya zamani namna hii anaweza kuisugua, kuitia vitaa vidogo, na kuitundika darini juu ya kaunta ya baa. Juu ya kaunta! Hilda aning'inie juu ya walevi wanaosubiri meza, wamtazame tumbo, waulize kama ni boti ya kweli au ya plastiki. Na wewe Dwight ukaja wiki ile ile na boksi, ukaniambia, "Mama, kidude kidogo tu cha kumfungia Hilda, kinashika mwendo chenyewe, na skrini yake ndogo, hata hutaiona." Nikakuambia kama sitaiona ya nini basi. Ukacheka, lakini boksi uliliacha bandani, na mpaka leo nimewekea juu yake kopo la grisi.

Sikilizeni niwaambie alikotoka, maana Britta hakuyaona, na ninyi wengine mlikuwa wadogo mkivuta kamasi.

Einar alifanya kazi kiwanda cha karatasi, kwenye zile mashine kubwa ambazo zamani hakuna aliyewapa watu vya kuziba masikio, na kabla hajafika umri wa kati masikio yake yakawa yameisha. Mwanamume aliyependa kuzungumza kama baba yenu akanyamaza. Mezani mkimsemesha alitabasamu tu, kumbe hajaambulia kitu. Mimi nilikuwa mke kijana, na nyumba ilijaa kimya ambacho sikujua nikifanyie nini. Ndipo akaja na Hilda amefungwa nyuma ya gari la mjomba wake, boti ya faiba, nyeupe yenye mstari mwekundu, injini katikati, usukani, leva moja ya mafuta, basi, hakuna kingine. Tukampa jina la mama yake, kwa sababu asubuhi alinung'unika mpaka umbembeleze, na akishaanza kazi haachi mpaka jua lizame. Mama mkwe alipoambiwa, alikasirika mpaka Krismasi.

Einar alikuwa mtelezaji wa juu ya maji, na wa kumvuta nilikuwa mimi. Yeye nyuma kwenye maji, mbao miguuni, mimi mbele na kile kioo kidogo cha kumtazamia, na kati yetu kamba. Wanangu, nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwenye kamba ile ndipo mume wangu aliponirudia. Alikuwa hasikii injini, hasikii sauti yangu, lakini nikiongeza mafuta kidogo alijua, nikipunguza alijua, na yeye akiegemea au akilegeza magoti mimi nilijua kupitia kiunzi cha boti, kupitia makalio yangu, mnisamehe mbele ya mgeni, kabla hata sijatazama kioo. Tuliulizana na kujibizana mle ziwani mambo mengi. Siku nyingine tulitoka tumegombana jikoni, tukarudi gatini tumepatana, na hakuna aliyefungua mdomo. Ndiyo maana mnaponiambia kuna mashine inayoshika mwendo ili dereva asipate taabu, mimi huwauliza, taabu gani? Ile taabu ndiyo iliyokuwa ndoa yangu.

Nesi, niletee maji. Asante.

Sasa msije mkasema kikongwe alikufa akivichukia vitu vipya. Nimepanda hizo boti za Dwight. Kiti kinapashwa moto, na kwa nyonga zangu hizi nilitamani nibaki humo mpaka jioni. Na kwa mtu mmoja anayezunguka maboya kwenye mashindano, ile kompyuta inashika mwendo kuliko mkono wa binadamu yeyote, na sijawahi kulibishia hilo hata siku moja. Mwanangu anauza kitu kizuri kwa watu wenye hela zao, amesomesha watoto kwacho, na mimi nimejivunia. Ninalobishia ni boti ambayo haiwezi kuwaka mpaka skrini ikubali, na skrini ikikataa watu wazima wanakaa gatini wakiitazama, wanaigusa kwa kidole kimoja, wanangoja fundi atoke mjini na kompyuta yake ili azungumze na kompyuta yao. Hilda akigoma, unafungua kifuniko unamwona mzima mzima, plagi zake, mikanda yake, kabureta yake, na kilichoharibika kinakutazama usoni. Na boti zile nzito zinalilima ziwa. Zinapita, na mawimbi yake yanapigapiga ukingo mpaka matete yanang'oka na bata hawana pa kutagia. Hilda akipita, kule nyuma yake maji yanajifunga taratibu na mvuvi kwenye mtumbwi wake hata kofia haimtikisiki.

Lowell, sasa nakuja kwako, jiweke sawa.

Wewe ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya kuteleza, na wewe ndiye uliyesimama kwenye mkutano wa masika, kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kahawa mkononi, ukasema piramidi ya wasichana, wale wanaopandiana mabegani wakiteleza, mwaka huu na miaka yote inayokuja itavutwa na boti mpya ya klabu tu. Nikakuuliza sababu. Ukasema, "Arlys, ile boti yako ni ya makumbusho." Nikakujibu, "Na wewe je, wanakuchukua lini?" Watu wakacheka, lakini kura ulizipata, na mikono iliyoinuliwa niliitazama mmoja mmoja, na mkono wa mwanangu Dwight ulikuwa juu pamoja na mingine. Nyamaza, Dwight, sijakuuliza. Boti yenyewe ulikuwa umewauzia wewe, ungeinua nini tena. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye banda na Hilda, nikaumia. Nasema wazi, niliumia. Maana vidole vyangu hivi vilikuwa vimeshaanza kujikunja, leva sikuweza tena kuishika sawasawa, na nilijua kwamba nisipokuwa mimi hakuna. Hilda angebaki mzima, mikono inayomjua ingezikwa, na hapo kweli angekuwa pambo la baa. Hiyo ndiyo hofu niliyoingia nayo kwenye kiangazi hiki. Ugonjwa ulinikuta nayo, haukuniletea.

Basi ikaja Jumapili ya maonyesho makubwa, ya kushindana klabu kwa klabu. Britta anaijua, na wengine mnaijua, lakini leo mtaisikia kutoka kwangu, kwa sababu kila mtu anaisimulia anavyotaka na Lowell anaruka sehemu yake.

Ijumaa ile, Lowell, baada ya mazoezi, uliwaambia vijana wajaze matanki ya ile boti mpya maji mpaka pomoni, iwe nzito itoe wimbi kubwa la kupanda na ubao. Usiniangalie hivyo, ziwa zima linajua. Mwanamume mwenye kitambi na goti la chuma alitaka apigwe picha juu ya wimbi awatumie wajukuu. Ukapigwa picha, ukaanguka, ukatolewa, mkaenda kula samaki wa kukaanga, na matanki mkayaacha yamejaa. Na skrini, kwa sababu zake yenyewe, ikaandika kwamba ni matupu.

Jumapili ukingo mzima ulijaa. Viti vya kukunja, miavuli, moshi wa soseji, wageni wa klabu ya Ziwa Pelican wamekuja na fulana zao za kijani wakingoja tuvurunde. Mimi walinileta kwa gari mpaka pembeni kwenye matete, pale Hilda alipokuwa amefungwa, maana Lowell alimruhusu awepo kama maonyesho, na kamba wameizungusha watoto wasimguse. Nikakaa karibu naye na soseji yangu kwenye mkate, ufunguo shingoni.

Wasichana sita wakajipanga kwenye ukingo wa gati, mbao miguuni, Britta wa mwisho na bendera kifuani. Dwight kwenye usukani wa boti mpya, kofia ya duka lake kichwani, wateja wake wamejaa majukwaani. Wasichana wakapiga kelele, "Vuta!" Na Dwight akavuta. Injini ikanguruma, namba kwenye skrini zikapanda, na boti ikainua pua juu ikazama makalio, ikasukuma maji badala ya kuyapanda. Wasichana wakatoka gatini wakaburutwa, maji yakawafika magotini, kiunoni, shingoni, halafu tukaona mbao zinaelea na vichwa sita vinatema maji. Watu wakasema aah. Wakajaribu tena. Vichwa sita tena. Mtangazaji akaanza kutoa vichekesho vyake, na vichekesho vya Vernon havifiki mbali.

Kila mtu alikuwa anaona. Watoto wadogo walikuwa wanaelekeza vidole na kusema boti imenenepa, maana ilikuwa imekaa majini kama kuku anayeatamia. Lakini Lowell ameinama kwenye skrini anasema, "Hapa imeandika matupu, Dwight, matupu!" Na fundi kwenye simu anamwambia azime awashe. Wakazima. Wakawasha. Skrini ikaandika matupu, na pampu, kwa kuwa zimeambiwa hakuna maji, zikakataa kutoa maji. Wageni wa Pelican walikuwa wamevimba kwa kicheko, na mwamuzi anatazama saa yake. Piramidi isipopanda, siku imekwisha, na klabu iliyoanzishwa na baba zetu inafungwa na watu wa Pelican, tena nyumbani kwetu.

Nilikula soseji yangu. Nilikuwa natazama kitu kimoja tu, na hicho kilikuwa mwanangu.

Nikamwona ameacha skrini. Akainama pembeni, akatazama mstari wa maji kwenye ubavu wa boti kwa macho yake aliyozaliwa nayo. Akasimama wima. Angeweza kusema mengi: kifaa kimesumbua, mpigieni kiwanda, si kosa la duka langu. Angeweza kungoja. Badala yake akaruka gatini, akavua kofia ya duka akaiweka kwenye mfuko wa nyuma, akatembea ufukwe mzima, mbele ya watu aliowauzia boti kama ile na mbele ya watu aliotaka kuwauzia, uso mwekundu, mpaka nilipokaa.

"Mama, nipe ufunguo."

"Ufunguo wa nini? Hii ni ya makumbusho."

"Mama, tafadhali, dhihaka baadaye."

"Dhihaka ni sasa hivi, mwanangu. Na ufunguo ndio huu."

Nikauvua shingoni nikampa, na nikamwambia anisaidie kupanda, kwa sababu sheria inataka mtu wa pili botini, wa kukaa akitazama nyuma, na sikuwa na nia ya kumpa mwingine kiti hicho siku ile. Lowell akapiga kelele kutoka kwenye gati, "Dwight, kura imeshapigwa!" Dwight akamjibu, "Basi ipigie tena, sisi tunaenda." Britta, ulicheka, nilikuona.

Maisha yangu yote niliendesha, na ile ilikuwa mara ya kwanza kukaa kiti cha mwangalizi. Nimempa mwanangu mgongo. Sioni mikono yake, sioni leva, naona gati tu, na wasichana sita wamelowa wanatetemeka. Hilda alinung'unika kidogo kama kawaida yake. Dwight hakumlazimisha. Akangoja. Mwanamume huyu ambaye miaka yote hii amebonyeza vitufe, alingoja injini ipate joto huku jukwaa zima likipiga miguu chini. Halafu nikahisi kamba inakazwa, pole pole, inchi kwa inchi. Wasichana wakapiga kelele, na Hilda akaondoka.

Walisimama. Wote sita, kwa mara ya kwanza siku ile, walisimama juu ya maji, yakawa yanang'aa chini ya mbao zao. Wawili wakaanza kupanda mabegani mwa watatu, na hapo ndipo boti hulemewa, ndipo dereva asiyejua huongeza mafuta kwa pupa akawamwaga. Nilikuwa natazama magoti yao. Wanangu, mimi mikono ya Dwight sikuiona, lakini niliisoma kwenye magoti ya wasichana, na magoti hayakutikisika. Alikuwa anaongeza pale wanapoongezeka uzito, kabla yake kidogo, jinsi nilivyokuwa nafanya mimi, na sijui alijifunza lini, labda alipokuwa mtoto amelala kwenye sakafu ya boti nikimvuta baba yake, tunadhani amesinzia. Britta akapanda wa mwisho. Akasimama juu kabisa, akaifungua bendera.

Tulipokata kona kwenye ghuba, boti moja ya zile zinazoelea juu ya mapipa, imejaa watu wa matembezi na muziki wao, ikatukatiza. Niliyaona mawimbi yanakuja, nikafungua mdomo nimwambie Dwight. Kabla neno halijatoka nikahisi Hilda ananyong'onyea chini yangu, amepunguziwa kidogo tu, wasichana wakainamisha magoti pamoja, wimbi likapita chini yao, na mafuta yakarudi. Hakuna aliyeyumba. Nikaanza kulia palepale, kwenye kiti cha nyuma, mbele ya Pelican wote, nikilia na kucheka na kupunga mikono kama mwenda wazimu, maana nilijua sasa. Mikono haitazikwa nami. Ipo. Ilikuwa nyumbani mwangu siku zote, imeshika simu.

Mlisikia ule mlio wa watu. Mashine za kiwanda cha Einar hazikuwa na kelele vile. Fulana za kijani zilisimama zikapiga makofi. Na Lowell naye alipiga, nilimwona, halafu akajifanya anaua mbu. Dwight alipomfunga Hilda gatini shati lilikuwa limemganda mgongoni, akaniambia, "Mama, sikuangalia namba hata moja." Nikamwambia hakukuwa na namba ya kuangalia, kile kipima mwendo kilikufa kabla hajaoa.

Nipeni dakika. Hapana, Corinne, acha, si maumivu. Ni furaha inayonibana. Acha nimalize.

Basi. Hilda nampa Dwight.

Corinne, binti yangu, usigeuze uso. Ulidhani nitakupa wewe kwa kuwa ulibaki nami, na kama boti ingekuwa tuzo ya wema ningekupa wewe bila kufikiri. Lakini wewe ziwa unalipenda kutoka dirishani. Nimekupa dirisha. Na Dwight, usitabasamu mapema, nakupa kwa masharti, na mashahidi ndio hawa. Hilda hatundikwi darini, si kwa hela, si kwa heshima, si kwa vitaa. Hawekewi skrini wala kidude. Lile boksi lichukue urudishe dukani kwako. Uza boti zako mpya Jumatatu mpaka Jumamosi, ule na watoto wako, wala usione haya, lakini Jumapili maji yakiwa mazuri unamtoa Hilda. Atachubuka, atapasuka, siku moja atakufa, na afe majini akivuta mtu. Kabla ya baridi mtoe maji yote kwenye injini, usimwamini mtu mwingine kwa hilo, shika mwenyewe. Na Britta umfundishe leva. Si kwa maneno. Mpe usukani, wewe ukae kiti cha mwangalizi, umpe mgongo, na ukitaka kusema kitu ung'ate ulimi.

Na Lowell. Kinyongo changu nawe nakizika leo, kitangulie, kisije kikanisumbua njiani. Nakurithisha kiti cha nyuma ndani ya Hilda. Siku Britta anapoendesha na Dwight anateleza, mwangalizi ni wewe. Utalizunguka ziwa lote ukitazama kule ulikotoka, na labda utaona kitu. Mbona unafuta macho? Mbu tena?

Nimechoka sasa. Maneno yanakuwa mazito.

Inamisheni vichwa. Mungu aliyenipa ziwa hili na mume yule, awape nanyi mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Awape asubuhi zenye maji tulivu. Msigombanie vyombo vyangu. Pendaneni hata mkinyamaziana. Nawabariki wote, na wewe Lowell umo, usijifanye hukusikia. Amina.

Haya, tokeni. Nimesema tokeni. Dwight, Britta, na mzee huyu. Nje kuna jua, maji yametulia, nani amewaambia urithi unangoja mazishi? Nendeni mkamtoe. Britta avae mbao. Nataka nimsikie nikiwa hai. Corinne, wewe baki. Fungua dirisha. Zaidi. Mpaka mwisho.

Wamefika gatini? Niambie... Ameshapanda. Huyo Hilda, umemsikia? Amekohoa. Asimlazimishe, asimlazimishe... Ndiyo. Anangoja. Mwanangu anangoja. Haya, amewaka.

Nipe mkono wako, binti yangu. Wangu wa baridi, eh? Si neno.

Sasa kamba inakaza... Britta kasimama? Kasimama. Sikiliza, Corinne. Pale... umesikia alivyopunguza? Msichana ameyumba pale, na yeye amejua. Hakuna aliyemwambia. Hakuna... aliyemwambia.

Wanakwenda ghubani. Watarudi... watapita tena hapa. Usilifunge dirisha.